Kozi ya Jioni ya Rangi za Mafuta: Mwalimu Hodari, Ratiba Isiyobebeka

Kozi hii inatolewa na shule moja binafsi ya sanaa iliyo karibu na Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, na tangazo lake linasema kwamba inamfaa mtu yeyote mwenye kazi za mchana. Nimeiacha kabla muhula haujafika nusu. Wengi watakaojiandikisha muhula ujao watakuwa waajiriwa wanaotoka Posta au Kariakoo jioni wakiwa na hamu ya kujifunza kuchora, na ingefaa wajue mapema kwamba kinachowashinda watu pale si ugumu wa somo, bali ni ratiba isiyopatana na rangi yenyewe.

Mwalimu anastahili sifa zote. Zoezi letu la kwanza la rangi lilikuwa sufuria ya alumini iliyoungua kwa mkaa upande mmoja, iliyowekwa juu ya stuli chini ya taa moja. Alitukataza kutumia rangi nyeusi ya kwenye tyubu, akatufundisha kuchanganya bluu ya ultramarini na kahawia ya amba iliyochomwa, mchanganyiko unaotoa weusi unaoweza kuegemea ubaridi au joto kadiri unavyozidisha rangi mojawapo. Kisha akatuagiza tufinye macho hadi sufuria ipotee na yabaki maeneo ya mwanga na kivuli tu. Nilipofanya hivyo niligundua kwamba mng'aro niliokuwa nimeuona mweupe ulikuwa kijivu chenye kijani kidogo, kwa kuwa ukuta wa darasa umepakwa kijani. Kwa somo hilo moja, ada niliyolipa haikuwa kubwa.

Tatizo linaanza na kanuni ambayo mwalimu huyohuyo anaifundisha vizuri. Rangi ya mafuta haikauki kwa kupoteza maji kama rangi ya maji. Mafuta ya mbegu za kitani yaliyomo ndani yake hushika hewa ya oksijeni na kugeuka taratibu kuwa utando mgumu. Kahawia ya amba hukauka upesi kwa sababu ya manganizi iliyomo, lakini rangi nyingine huchukua siku nyingi, hasa zikipakwa nene. Ndiyo maana mchoraji huanza na tabaka konda, lenye mafuta machache, na kila tabaka la juu huongezewa mafuta, kwani tabaka la juu likitangulia kukauka kuliko la chini, picha hupasuka. Sasa ratiba inadai picha moja iliyokamilika, yenye matabaka matatu, kila wiki. Hakuna namna ya kuitii kanuni na ratiba kwa pamoja, na wanafunzi wote niliowaona walikuwa wakipaka rangi juu ya rangi mbichi hadi kila kitu kinakuwa tope la kijivu, kisha wanakatwa alama kwa tope hilo.

Juu ya picha hiyo ya kila wiki kuna daftari la michoro ya kila siku, insha kuhusu historia ya sanaa, na kikao cha Jumamosi ambacho kazi hutundikwa ukutani na kuhakikiwa mbele ya wote. Uhakiki huo una faida, ila unaanza asubuhi na kumalizika alasiri, na tangazo halikuutaja kabisa. Darasa lenyewe lina kiyoyozi na madirisha yake hufungwa, jambo lisilofaa hata kidogo mahali ambapo watu wengi wanasafisha brashi kwa tapentaini kwa wakati mmoja; nilikuwa nikitoka pale na kichwa kinaniuma.

Halafu kuna safari. Shule haina rafu za kuanikia kazi, kwa hiyo sisi wa Kimara tulikuwa tukipanda mwendokasi usiku tukiwa na turubai mbichi mkononi. Siku moja mama mmoja aliyevaa kitenge kipya aliniuliza, "Mwanangu, hiyo imekauka?" Nilipomjibu kwamba bado, abiria walisogea kando, na hiyo ndiyo siku pekee niliyopata nafasi ya kusimama vizuri ndani ya basi lile.

Nilipomweleza mwalimu uamuzi wangu hakunilaumu. Alisema, "Dada, ukitaka kuchora jioni baada ya kazi, anza na mkaa, rangi za mafuta zinataka mtu mwenye chumba." Ofisini nilipewa fomu ya kujiondoa yenye nafasi ya sahihi ya mzazi au mlezi, nami nina watoto wawili wanaosoma sekondari, dada wa mapokezi alicheka, akaikata sehemu hiyo kwa kalamu. Awamu ya pili ya ada sikudaiwa. Fedha ya vifaa haikurudishwa, lakini sharti hilo lilikuwa limeandikwa kwenye risiti, hivyo sina malalamiko.

Shule ingeweza kurekebisha mambo haya kwa kuruhusu picha tatu zichorwe sambamba kwa muhula mzima, ili moja ikauke wakati nyingine inaendelea, au kwa kuhamia rangi zinazokauka haraka. Jiji hili lina mfano wake: Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na wachoraji wa ushirika unaobeba jina lake kule Oysterbay hawakuhitaji mafuta ya kitani kuijulisha dunia mtindo wao.

Mwenye muda wa mchana na chumba cha kuanikia picha atafaidika sana na kozi hii, na nisingemzuia. Mwajiriwa aombe kwanza kuoneshwa orodha kamili ya kazi za muhula, pamoja na vikao vya Jumamosi, kabla ya kulipa. Mimi nimehamia darasa la mkaa la mwalimu huyohuyo, ambalo hukutana mara moja kwa wiki. Nafasi zake ni chache na hujaa mapema, kwa hiyo anayelitaka aulize ofisini kabla muhula haujafunguliwa.