Tyubu, pete ya kugeuzia au Raynox: vifaa vya bei nafuu kwa anayeanza picha za makro

Kwenye mwembe ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga wanaishi majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa hariri ya mabuu wao, na ambao wakulima wa minazi huwathamini kwa sababu huwafukuza wadudu wanaoangusha vidaka. Majimoto mmoja ana urefu wa takriban milimita 8. Nilipompiga picha kwa mara ya kwanza, nikitumia Canon 600D ya mtumba na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, alichukua sehemu moja tu ya nane ya upana wa picha, na nilipoikuza picha hiyo kwenye kompyuta sikuona macho wala taya, bali vumbi la rangi. Lenzi haikuwa mbovu. Sensa ya kamera hiyo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha, ina upana wa milimita 22.3, na lenzi ile, hata ikisogezwa karibu kadiri inavyoweza, huweka juu ya sensa taswira yenye theluthi moja tu ya ukubwa halisi wa kitu.

Picha ya makro, kwa maana yake ya asili, huanzia pale taswira juu ya sensa inapolingana kwa ukubwa na kitu chenyewe, yaani uwiano wa 1:1. Lenzi maalumu ya makro hufika hapo bila msaada wowote, lakini hata iliyokwishatumika huuzwa kwa bei inayozidi ile ya kamera kama yangu. Kwa hiyo, kwa muda wa mwaka mmoja, nimenunua kimoja baada ya kingine vifaa vinne vinavyoweza kuifikisha lenzi ya kawaida kwenye uwiano huo, nikavijaribu vyote kwa kamera ileile na kwenye mti uleule. Bei nitakazozitaja ni zile nilizolipa mimi, usafirishaji ukiwa ndani yake.

Nilianza na kilicho rahisi kuliko vyote, tyubu zisizo na viunganishi vya umeme, kwa shilingi 20,000. Tyubu ni bomba tupu linalokaa kati ya kamera na lenzi. Halina kioo, kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa ili iweze kuona kwa karibu zaidi. Kwa kuwa halina kioo, haliongezi kasoro za kioo kingine kwenye picha, na hilo ndilo lililonivutia. Nisichokifikiria ni kwamba tundu la lenzi za Canon za aina ya EF, yaani mwanya unaopitisha mwanga, hufunguliwa na kufungwa kwa umeme unaotoka kwenye kamera, na bomba la aina hii huukata umeme huo. Tundu hubaki wazi kabisa, na kwa ukaribu wa makro hali hiyo ina maana kwamba ncha ya kipapasio kimoja itaonekana vizuri na mwili wote uliobaki utakuwa ukungu. Ipo njia ya kulizunguka tatizo hili: unaweka tundu kwenye f/8 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) lenzi ikiwa bado kwenye kamera, unabonyeza na kushikilia kitufe cha kuangalia kina cha fokasi, yaani unene wa sehemu inayoonekana vizuri, kisha unaichomoa lenzi huku umekishikilia, nalo tundu linabaki pale lilipo. Njia hiyo inafanya kazi, lakini baada yake unachungulia kwenye giza, na kila unapotaka kubadili tundu unarudia yote tangu mwanzo. Nilivumilia mwezi mmoja. Mwenye lenzi ya zamani iliyo na pete ya kuzungusha tundu kwa mkono, kama zile za Nikon za AF-D, anaweza kuzinunua tyubu hizi bila wasiwasi wowote. Asiye nayo asizinunue, hata kama bei inashawishi.

Za pili zilikuwa na viunganishi vya umeme, kwa shilingi 85,000. Seti yangu ina vipande vitatu vya milimita 13, 21 na 31, jumla milimita 65. Seti ya kwanza niliyoletewa na duka moja la mtandaoni ilikuwa na pini iliyokwama ndani, kamera ikawa haiitambui lenzi, nikalazimika kuirudisha na kungoja wiki tatu. Tangu siku hiyo huibonyeza kila pini kwa ncha ya kijiti kabla ya kukubali kwamba nimepokea mzigo. Seti ya pili haijanisumbua.

Hapa kuna hesabu ambayo ningependa kila anayeanza aifanye kabla ya kutoa fedha. Gawanya urefu wa tyubu kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya milimita iliyoandikwa juu yake, kisha ongeza ukuzaji ambao lenzi yenyewe ilikuwa nao, yaani ukubwa wa taswira ukilinganishwa na kitu chenyewe. Kwa Canon EF 50mm f/1.8 STM, yenye ukuzaji wa 0.21, milimita 65 zikigawanywa kwa 50 zinatoa 1.3, na jumla inakuwa mara moja na nusu ya ukubwa halisi: majimoto anachukua zaidi ya nusu ya upana wa picha. Lakini ukiziweka tyubu hizohizo kwenye lenzi ya zumu ya 55-250 iliyovutwa hadi mwisho, zinaongeza 0.26 tu, na hufiki hata 1:1. Kwenye lenzi ya 18-55 iliyorudishwa hadi 18, mahali pa fokasi panaangukia ndani ya lenzi yenyewe na hakuna kitakachoonekana. Tyubu, kwa ufupi, ni rafiki wa lenzi fupi ya milimita 50 hivi, na anayeuziwa kwa kuambiwa kwamba zinafaa kwa lenzi yoyote anadanganywa.

Gharama yake nyingine haionekani kwenye risiti. Ukifika 1:1 kwa tyubu, mwanga unaoifikia sensa hupungua hadi robo. Vilevile kioo cha mbele kinabaki sentimita chache tu kutoka kwa mdudu, kivuli cha lenzi kinamwangukia, na mdudu akiwa majimoto hatangoji: ataikwea lenzi, kisha mkono. Kwa maua, kwa mbegu na kwa bawa la nondo aliyekufa dirishani, tyubu na lenzi ya 50 ni mchanganyiko mzuri kabisa. Kwa mdudu aliye hai ni kazi ngumu.

Pete ya kugeuzia haihitaji maneno mengi. Ni pete nyembamba ya shilingi 12,000 inayokuwezesha kuifunga lenzi kinyumenyume, mdomo ukitazama kamera na kitako kikitazama mdudu. Lenzi ya 50 ikigeuzwa hutoa takriban 1:1, na iliyo fupi zaidi hukuza zaidi. Hapa nako umeme unakatika, tatizo la tundu linarudi, na kioo cha nyuma, ambacho hakikutengenezwa kukabili vumbi, kinabaki wazi. Ninaipendekeza kwa mtu mmoja tu: yule asiye na hakika kama makro itamvutia, na anayetaka kuijaribu kwa sarafu juu ya meza kabla ya kutumia fedha zaidi.

Kifaa cha nne ndicho ninachotembea nacho hadi leo. Raynox DCR-250 ni lenzi ndogo ya Japani ya kuongeza ukaribu, yenye vioo vitatu na nguvu ya dayopta 8 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), inayobanwa mbele ya lenzi uliyo nayo kwa klipu yenye springi. Nilitoa shilingi 230,000, nami sijajuta. Hesabu yake ni kinyume cha ile ya tyubu. Dayopta 8 ni sawa na urefu wa fokasi wa milimita 125, na ukuzaji unaupata kwa kugawanya urefu wa lenzi yako kwa 125. Lenzi ndefu ndiyo inayofaidika. Zumu yangu ya 55-250 ikiwa kwenye 125 inatoa 1:1, na ikivutwa hadi 250 inatoa mara mbili ya ukubwa halisi, ambapo upana wote wa picha ni milimita 11 na majimoto anaujaza karibu robo tatu yake. Fokasi ya otomatiki na udhibiti wa tundu vinaendelea kufanya kazi kwa sababu hakuna kilichoingia kati ya kamera na lenzi. Umbali kutoka kioo hadi mdudu unabaki sentimita 11 au 12 hata ukivuta zumu, nafasi inayotosha kupitisha mwanga na kumwacha mdudu na shughuli zake. Nikitaka kumpiga picha kipepeo mzima ninaichomoa kwa vidole viwili na kuitia mfukoni.

Ina mipaka yake. Klipu imetengenezwa kwa lenzi zenye kipenyo cha mbele kati ya milimita 52 na 67. Ile 50mm f/1.8 STM ina 49, hivyo inahitaji pete ya kuongezea kipenyo. Zumu ikirudishwa kuelekea 55 pembe za picha zinakuwa nyeusi. Na ukuzaji wa mara mbili ni mkali kwa mwenye mikono isiyozoea: kwa f/8, sehemu inayoonekana vizuri ina kina kisichofika milimita moja kwenye 1:1, na ni nyembamba zaidi kwenye mara mbili. Miezi yangu miwili ya kwanza ilitoa mamia ya picha za kufutwa. Ndugu yake, DCR-150, ana dayopta 4.8, kwa lenzi ya 250 anatoa mara 1.2 na anakuacha umbali wa sentimita 20 hivi. Niliazimwa moja kwa majuma machache, na ninaamini kwamba mwenye lenzi inayofika 250, anayependa vipepeo na kereng'ende kuliko sisimizi, angeanza vizuri zaidi na hiyo. Zile seti za vioo vinne vilivyoandikwa +1, +2, +4 na +10, zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, sizipendekezi: kila kimoja ni kioo kimoja kisichorekebishwa rangi, na +10 huacha mstari wa zambarau kwenye kila ukingo wenye mwanga.

Ningemwomba anayeanza atenge sehemu ya bajeti kwa ajili ya mwanga kabla hajafikiria lenzi bora zaidi. Ili upate kina kinachofaa unahitaji f/8 au f/11, na ili mtikisiko wa mkono usionekane unahitaji kasi kubwa; jua la asubuhi chini ya mwembe haliwezi kukupa vyote viwili. Flashi ya kamera yenyewe haisaidii peke yake, kwa kuwa lenzi ndefu huizuia. Nilinunua Yongnuo YN560 IV iliyotumika kwa shilingi 110,000. Haina otomatiki yoyote, unapanga nguvu mwenyewe kuanzia 1/1 hadi 1/128, na inatumia betri nne ndogo za kawaida. Kwa makro ukosefu huo wa otomatiki si hasara, kwa sababu umbali haubadiliki: nikishaweka kasi ya 1/200 ya sekunde, f/11, ISO 200 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) na flashi kwenye 1/16, ninaweza kupiga asubuhi nzima bila kugusa kitu. Flashi yenyewe huwaka kwa muda mfupi sana, na muda huo ndio unaomgandisha majimoto anayekimbia.

Lakini mwili wa sisimizi unang'aa kama kigae, na flashi iliyo uchi huacha juu yake doa jeupe lisilo na kitu ndani. Kinacholainisha mwanga nilikitengeneza kwa dumu la plastiki nyeupe la lita 5, nililolikata ubavuni na kuliinamisha juu ya mdomo wa lenzi, ndani nikiwa nimebandika tabaka mbili za sponji nyembamba inayofungiwa vyombo. Halikunigharimu chochote. Tofauti kati ya picha bila dumu na picha yenye dumu ni kubwa kuliko tofauti niliyowahi kuiona kati ya lenzi mbili. Stendi ya miguu mitatu, kwa upande mwingine, hubaki nyumbani; mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa maharagwe, ukiwekwa juu ya tawi, unaushikilia mkono vizuri, na fokasi ninaitafuta kwa kuyumba mbele na nyuma polepole badala ya kuzungusha pete.

Mwezi uliopita rafiki aliniachia Tamron SP 90mm f/2.8 yake, lenzi halisi ya makro ya 1:1, kwa majuma mawili. Pembe za picha zilikuwa safi kuliko za Raynox, nami nilifurahia kuweza kutoka kwa mdudu hadi uso wa mtoto bila kubadili chochote. Katikati ya picha, hata hivyo, pale jicho la mdudu linapokaa, sikuweza kuzitofautisha zilipochapishwa kwa ukubwa wa A4. Bado nilikwenda kuiangalia moja ya mtumba iliyokuwa inauzwa mjini. Nilimulika tochi ya simu kutoka nyuma, kama anavyopaswa kufanya kila anayenunua lenzi katika unyevunyevu wa pwani, nikaona nyuzi za ukungu zimetanda ukingoni mwa kioo cha ndani. Nikamrudishia mwenyewe.