aria2 ndani ya nyumba ya mawe Mikindani: programu ya kushusha mafaili inayokumbuka ilipoishia

Nina stesheneri Mikindani, kandokando ya barabara ya kwenda Mtwara mjini. Nachapa barua, natoa kopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kompyuta zangu ni tatu, kuukuu zote, na zote zilikuwa na Windows 10. Tangu Microsoft waache kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025 nilikosa amani, maana watu wananiachia namba zao za NIDA, nywila zao, mpaka vyeti vya watoto. Windows 11 mashine hizi haziiwezi. Nikaamua kuweka Linux Mint, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure. Faili lake lina kama GB 2.8, na kulishusha kulinichukua wiki mbili.

Programu ninayotaka kuisifia ni aria2, lakini sifa zake hazitaeleweka bila kujua nilikopitia.

Mara ya kwanza nilitumia brauza ya kawaida. Ilifika GB 1.2 ikaganda. Nilipobonyeza iendelee, ikaanza upya kutoka sifuri. Mara ya pili ikaniambia imemaliza. Nikaliweka faili kwenye flashi, nikawasha kompyuta ya kwanza, usakinishaji ukagoma katikati. Kuja kuangalia, faili lilikuwa na GB 2.3 tu. Laini ilikatika, brauza ikadhani ndio mwisho wa faili. Hizo ni GB 3.5 za bando zimekwenda na maji, na bando nanunua kwa hela ya kopi, kurasa kwa kurasa.

Nilichokosea ni kuulaumu mtandao kabla ya kuitazama nyumba. Tunaishi kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zilivyo nyingi za Mikindani mjini kati. Ukuta wake ukiupima, kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole hakufiki upande wa pili. Ruta yangu ya laini ya simu inakaa dirisha la upande wa bahari kwa sababu huko ndiko mnara unashika vizuri. Laptopu iko chumba cha tatu. Kati yake na ruta kuna kuta mbili. Nilikuwa nimechagua Wi-Fi ya 5 GHz nikiamini ndiyo yenye kasi, kumbe mawimbi yake ndiyo yanayoshindwa zaidi kupenya ukuta kuliko ya 2.4 GHz. Chumba cha tatu nilikuwa napata KB 180 kwa sekunde, tena kwa kushtukashtuka.

Nilikwenda Mtwara mjini nikanunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha juu ya milango, nikachomeka kwenye ruta upande mmoja na laptopu upande mwingine. Kasi ikapanda mpaka KB 900 kwa sekunde saa ileile, laini ileile. Yeyote anayelalamika kwamba mafaili hayashuki, namwomba kwanza achomeke waya, hata wa kuazima, hata kwa dakika 10. Kwa waya ikiwa sawa, tatizo ni Wi-Fi yako. Kwa waya ikiwa vilevile, ndipo uanze kuutazama mnara.

Mnara nao una saa zake. Jioni baada ya magharibi mtaa mzima uko kwenye simu, na wote tunakula sahani moja. Saa tisa usiku mpaka alfajiri njia inakuwa nyeupe. Halafu wanaouza bando wanataja megabiti, kompyuta inaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ukiambiwa megabiti 8 kwa sekunde, tarajia MB 1. Kwa kasi hiyo faili la GB 2.8 linachukua dakika 47 hivi, kama hakuna kinachokatika.

Na huku vinakatika. Mara ya tatu, waya ukiwa umeshachomekwa, brauza ilifika GB 1.9 umeme ukaondoka, ruta ikazimika. Nilikaa nikaitazama ile namba bila kujua la kufanya. Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta, nilipompigia akaniambia, "Mamdogo, usiifute. Hilo faili lililokatika bado ni mali."

Ndiye aliyenitajia aria2. Ni ya bure, chini ya MB 10, haisakinishwi: unafungua kifurushi, unaiweka kwenye folda, unaitumia. Haina vitufe. Unafungua dirisha jeusi la komandi na kuandika kwa mkono, na hapo najua wengi wataniacha. Mimi nilikuwa naliogopa lile dirisha kama watu wanavyoogopa sindano. Lakini nilichoandika ni mstari mmoja tu: aria2c -c -x4, kisha kiungo cha faili. Ile -c maana yake endelea ulipoishia. Ile -x4 inaruhusu miunganisho minne kwa seva moja, yaani kompyuta ya mbali inayotunza faili, kwa hiyo mmoja ukilala mingine inavuta. Inaweza kufika 16, ila sishauri. Seva nyingine zinakufungia mlango ukizivamia hivyo, na mafaili haya watu wametuwekea bure.

Kabla ya hapo nililibadilisha jina faili la brauza, nikaondoa ule mkia wa .crdownload, nikalipa jina lilelile la faili halisi na kuliweka kwenye folda ya aria2. Bonyeza Enter. Sikuamini: ilianza kwenye GB 1.9, haikurudi nyuma hata baiti moja. Mpwa akanifundisha pia kuweka viungo viwili vya faili lilelile kutoka seva mbili tofauti, maana Linux Mint wana orodha ya seva kwa nchi. aria2 inavuta kote kuwili kwa mpigo na kuunganisha yenyewe. Seva ya mbali ikilegea, ya pili inabeba.

Mstari wake wa taarifa naupenda kuliko vidude vya rangi vya brauza. Usiku ule ulikuwa unasomeka (83%) CN:5 DL:880KiB ETA:9m, yaani asilimia 83, miunganisho mitano iko hai, KB 880 kwa sekunde, bado dakika 9. Ikiganda unajua imegandaje. CN ikiwa ipo na DL ni sifuri, laini imeshikwa lakini hakuna kinachopita. CN ikiwa sifuri, hata seva hujaifikia.

Kwenye hiyo asilimia 83 umeme ukakatika tena. Hapa niseme ukweli: aria2 ilijaribu, ikashindwa, ikasimama na kuandika kosa. Haikusubiri umeme urudi ndipo ianze yenyewe. Uliporudi nikabonyeza mshale wa juu, mstari ukajileta wenyewe, nikabonyeza Enter, ikaendelea. Siri yake ni kijifaili chenye mkia wa .aria2 kinachokaa pembeni ya faili kubwa. Ndicho kinachokumbuka vipande vilivyokwisha kuingia. Usikifute kwa kudhani ni takataka. Na faili kubwa likionyesha ukubwa wake wote tangu dakika ya kwanza usifurahi, ni nafasi tu imetengwa kwenye diski. Kazi haijaisha mpaka kile kijifaili kiondoke chenyewe.

Lilipokamilika sikurudia kosa la mwanzo. Kwenye dirisha lilelile jeusi niliandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Ikatoa mstari wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole ya faili: likipungua hata kidogo, mstari unabadilika. Nikaulinganisha na ule waliouchapisha Linux Mint, kidole kwenye kioo, herufi moja moja. Ulifanana wote. Faili lililokatwa na umeme mara mbili, lililoanzia kwenye programu moja na kumalizikia kwenye nyingine, lilikuwa zima.

Isivyoviweza pia nivitaje. Kama mnara unatoa KB 50, aria2 haitazaa nyingine. Tovuti zinazotoa kiungo cha muda mfupi, au zinazotaka uingie kwanza kwa akaunti, zinaisumbua: kiungo kikifa lazima utafute kipya. Lugha yake ni Kiingereza kitupu. Kuna kosa lingine ambalo si lake lakini utalilaumu: diski au flashi iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo la GB 5 litakwama hapo daima hata uwe na intaneti ya peponi. Na kuna siku nyumba yako haina kosa kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, taa zote za ruta ziliwaka vizuri na hakuna kilichopita. Siku kama hiyo zima, ukalale.

Jambo moja dogo lililonigusa: ukiongeza --max-overall-download-limit=300K inajibana isizidi KB 300, kwa hiyo nashusha kitu mchana na mteja anayeomba mkopo wa chuo bado anafungua ukurasa wake bila kusubiri. Sikujua programu inaweza kuwa na adabu hivyo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya lile dirisha jeusi, kwa sababu mama zangu wa mtaani wasingefika hata kwenye -c bila mtu wa kuwaelekeza.

Kompyuta zote tatu sasa zina Linux Mint na zinachapa. Ule mstari wa komandi nimeuandika kwa kalamu nzito na kuubandika ukutani pembeni ya mashine ya kopi. Faili lenyewe ninalo dukani, nimelihakiki. Aliye karibu aje na flashi ya GB 8, iwe tupu, nimnakilie bila malipo, asiunguze bando lake kwa kitu ambacho kimeshafika Mikindani.