Kabla hujanunua Lensman, omba picha ya sura ya kwanza

Mwezi wa nne niliagiza Triplanetary, kwenye kava wameandika kubwa kabisa kwamba ni Lensman namba 1, ule mfululizo wa riwaya za zamani za vita vya angani, nikasema haya, leo naanza mwanzo kama watu wenye akili zao. Kikafika. Karatasi nyeupe peee kama ya fotokopi, nikakaa nacho Jumamosi na chai yangu ya tangawizi. Nilishaambiwa kinaanza na magalaksi mawili yanagongana, alafu Atlantis inazama, alafu kuna gladieta wa Roma, yani historia nzima ya dunia kumbe ni viumbe wa Arisia na wa Eddore wanavutana kichinichini. Mi nafungua, nakutana na meli ya angani inaitwa Hyperion na maharamia. Nikarudi nyuma nikidhani nimeruka kurasa. Sijaruka kitu. Nikakisoma hadi mwisho, Arisia hamna, Eddore hamna, Mroma wangu hamna.

Kilichotokea ni hivi. E. E. Smith, huyu wanaemwita Doc, Triplanetary aliitoa 1934 kwenye jarida la Amazing Stories kama hadithi inayojitegemea, na Lensman hapo hata haijaanza, hadithi yake ya kwanza, Galactic Patrol, ilianza kutoka 1937 kwenye jarida la Astounding. Ni mpaka 1948, wachapishaji Fantasy Press wanazitoa hadithi hizi kama vitabu, ndo mzee akaishika ile hadithi ya zamani akaitungia sura mpya za mbele ili iwe mlango wa kuingilia. Kwahiyo kuna Triplanetary mbili. Ile ya 1934 ipo bure Project Gutenberg, ile maktaba ya mtandaoni, na mjanja yeyote anaichukua, anaibandika kava la roketi, anaandika namba 1, anakuuzia. Ndo nilichouziwa.

Sasa mambo ya bei, hali ya kitabu, kava ngumu au laini, hayo mtaangalia wenyewe, macho mnayo. Mi siku hizi naangalia kitu kimoja tu: maneno yaliyomo ndani ni ya mwaka gani. Namwambia muuzaji nipigie picha ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza, sitaki kava, sitaki mgongo. Nikiona magalaksi yanagongana nalipa. Nikiona Hyperion asante, kwaheri.

Na msidhani ni hicho kimoja tu. The Skylark of Space, hadithi nyingine ya Smith, ilitoka 1928 kwenye Amazing na majina mawili juu, Smith na Lee Hawkins Garby, mke wa rafiki yake, maana Smith alikuwa mkemia, baadae akawa mtaalamu wa unga wa donati, mambo ya mapenzi alikuwa anaona aibu kuyaandika akaomba msaada. Sasa shika toleo la wachapishaji Pyramid la 1958: hadithi imepunguzwa, na mama Garby jina limefutwa. Nilikasirika kana kwamba ni shangazi yangu.

Haya, twende kwenye vya kununua.

Namba 1, na hapa sijifichi, ni Lensman zilizochapwa na Panther, kampuni ya Uingereza, miaka ya 70. Nazipenda mno. Kava zake kachora Chris Foss, limeli kubwa kama ghorofa limelala, lina mistari kama kizuizi cha barabarani, halihusiani hata kidogo na kilichomo ndani na wala sijali. Kitabu kidogo, kinaenea kwenye mkoba, unasoma kwenye daladala mkono mmoja umeshika bomba. Na maneno ni yale ya vitabu vya Fantasy Press, sio ya jaridani. Ila tafadhali usianze kusoma na Lensman namba 1. Triplanetary ya 1948 inakumwagia siri yote ukurasa wa mwanzo, siri ambayo shujaa wa hadithi, Kimball Kinnison, na wenzake wanaipapasa vitabu vinne vizima. Anza Galactic Patrol, uje Gray Lensman, Second Stage Lensmen, Children of the Lens, ndo urudi kwa vile viwili vya mwanzo, Triplanetary na First Lensman. Vya mtumba hivi kagua gundi, kava likikunjuliwa kwa nguvu kurasa zinabaki mkononi.

Namba 2 ni mwandishi Edmond Hamilton, vitabu vilivyochapwa na Haffner Press. Agosti 1928, mwezi uleule Skylark inaanza kutoka, huyu nae alikuwa kwenye jarida la Weird Tales na hadithi yake Crashing Suns, nyota zinagonganishwa kama gololi, ndo maana walimpachika jina la mvunja dunia. Haffner wanakusanya hadithi zake kwenye mavolumu mazito ya kava ngumu. Bei inauma, nilinunua moja nikaiambia familia ni zawadi. Ukitaka kuonja tu tafuta The Star Kings, na ukikuta kitu kinaitwa Beyond the Moon cha wachapishaji Signet ni hichohicho, usinunue viwili.

Namba 3 Leigh Brackett, mke wa huyo Hamilton, ambae kwa sentensi anamzidi mumewe mbali. Nae ana mtego: The Starmen ya 1952 ikawa The Galactic Breed kwenye Ace Double ya 1955, vile vitabu vya hadithi mbili kwenye kava moja, imekatwakatwa, alafu ikarudi kama The Starmen of Llyrdis. Nunua hii ya mwisho. Sea-Kings of Mars na The Sword of Rhiannon nazo ni kitu kimoja, hapo mimi nilipigwa tena.

Jack Williamson, The Legion of Space, sawa, kizuri.

Vya bei rahisi nenda Gutenberg, ni bure, kwanini umlipe mtu wa fotokopi.

Kinachoniudhi zaidi ni jina wanaloziita hadithi hizi za angani, spesi opera. Mwandishi Wilson Tucker alivyolibuni neno hilo mwaka 1941 alikuwa anatukana, maana yake hadithi za hovyo zilizochakaa. Leo muuzaji anaandika "spesi opera asilia" na bei inapanda mara tatu, wakati Skylark nzima Amazing waliilipia dola 125. Alafu ukimwomba picha ya ukurasa anakujibu "hali nzuri sana dada". Sijauliza hali, nimeuliza ukurasa! Sa hivi nimebakiza Second Stage Lensmen ya Panther tu, na jamaa mmoja anayo, ila hauzi kimoja, anataka nichukue sita zote. Tano ninazo. Shemeji yangu wa Leicester kaniambia nimlipe tu yaishe, nimekataa, ni wiki ya tatu hii tunatumiana meseji.