Datsun 240Z: la kwanza ndilo zuri kuliko yote

Wapenzi wa mbio za magari wa Afrika Mashariki hawahitaji kutambulishwa Datsun 240Z, kwani ndilo lililotwaa Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Sifa hiyo ya ugumu, hata hivyo, imefunika sifa nyingine: hili ni miongoni mwa magari yaliyochorwa vizuri zaidi kupata kutoka Japani.

Nissan, yenye chapa ya Datsun, ililitoa mwaka 1969, na kwao Japani likaitwa Fairlady Z. Kikosi cha wasanifu kiliongozwa na Yoshihiko Matsuo, naye Yutaka Katayama, aliyesimamia mauzo ya kampuni hiyo Marekani, ndiye aliyelipigania. Kwa dola 3,526 mnunuzi wa Marekani alipata injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili, na springi zilizoliwezesha kila tairi kujitegemea.

Boneti ni refu, paa linateremka taratibu hadi mkiani, na taa za mbele zimezama ndani ya vishimo vilivyochongwa kwenye mabawa. Ndani, vipimo vitatu vidogo vilivyo juu ya dashibodi vimeelekezwa kwa dereva, asilazimike kugeuza kichwa. Magari ya mwanzo yalikuwa na matundu ya hewa kwenye mlango wa nyuma. Mwaka 1971 matundu hayo yakahamishiwa kwenye nguzo za pembeni na kuwekewa nembo ya mviringo yenye herufi Z, badiliko pekee, kwa maoni yangu, lililoliongezea uzuri.

Baada ya hapo sheria za Marekani za usalama na za moshi zikaanza kuamua sura ya gari. Lilikuja 260Z, kisha 280Z la mwaka 1975, ambalo kwalo sindano za kunyunyizia mafuta kwenye injini zilichukua nafasi ya kabureta na kulifanya liwake bila usumbufu, lakini bampa zake nzito ziliharibu uso uliokuwa mwembamba. 280ZX la mwaka 1978 ni gari la starehe, na sina zaidi la kulisemea. Z la sasa, lililoingia sokoni mwaka 2022, limerudia waziwazi mistari ya lile la kwanza.

Anayetaka kununua 240Z leo asibabaishwe na rangi mpya. Injini yake ni imara na fundi mzoefu huimudu. Kutu ndiyo ya kuogopwa, kwa hiyo ukaguzi uanzie chini ya betri, uendelee sakafuni, na umalizikie kwenye ncha za chini za milango.