Kindle, Kobo au PocketBook: kipi kinakuachia ukurasa uupange mwenyewe?

Nimesomea Kindle Paperwhite, Kobo Libra na PocketBook, vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, kwa kupokezana. Vyote vina skrini ya wino wa kielektroniki na chaji hukaa wiki kadhaa, kwa hiyo sitakuchosha na habari za macho wala betri. Mimi naangalia kitu kimoja: nikifungua kitabu, naruhusiwa kuupanga ukurasa kwa kiasi gani?

Kindle ni rahisi kuzoeleka. Unagusa sehemu ya juu ya skrini, unabonyeza Aa, unachagua fonti, ukubwa na unene wa herufi. Ukishapata mpangilio unaokufaa unauhifadhi kwa jina, kisha unauita wakati wowote. Hilo nalipenda sana. Lakini pambizo zina ngazi tatu tu, na nafasi kati ya mistari hali kadhalika. Mara nyingi ninachokitaka kipo katikati ya ngazi mbili.

Kobo hapo ndipo iliponikamata. Pambizo na nafasi ya mistari unazisogeza kwa kidole hatua ndogo ndogo, na ukurasa unabadilika papo hapo. Fonti zako unaziweka kwa kebo ndani ya folda iitwayo fonts, basi, zinatokea kwenye orodha. (Kindle nayo inakubali jambo hili tangu 2018.) Mwanga unaongezwa kwa kupitisha kidole kwenye ukingo wa kushoto wa skrini, bila kufungua menyu yoyote, na Libra ina vitufe vya kufungulia kurasa. Kwa anayesoma amelala ubavu, vitufe vile si pambo.

Kuna mpangilio mmoja ambao msomaji wa Kiswahili asiupuuze: ulinganifu wa mistari. Maneno yetu yenye viambishi vingi ni marefu. Ukikuza herufi huku mistari imenyooshwa pande zote mbili, neno refu linarukia mstari wa chini na kuacha mapengo makubwa juu yake, macho yanajikwaa. Chagua maandishi yaanzie kushoto tu, upande wa kulia ubaki bila kunyooka. Kindle na Kobo zote zinakuruhusu.

Kuhusu faili, Kobo na PocketBook zinasoma EPUB, aina ya faili inayotumiwa sana kwa vitabu vya kielektroniki, moja kwa moja, na PocketBook inaongeza hata aina nyingine kama DJVU na FB2. Kindle inapokea EPUB kupitia huduma yake ya kutuma vitabu tangu 2022, ila inaigeuza kwanza. Kama vitabu vyako vyote unanunua kwenye duka la Amazon, wenye Kindle, hutaona tofauti.

Kwa wasioridhika kama mimi ipo KOReader, programu ya bure ya kusomea vitabu inayowekwa kwenye Kobo na PocketBook. Humo unapanga mpaka mstari wa chini wa ukurasa: asilimia uliyosoma, saa, kurasa zilizobaki kwenye sura. Menyu zake ni msitu, nakwambia, na mtu anayetaka kusoma tu atachoka nazo mapema. Mimi sasa nasomea humo, juu ya Kobo.

PDF ndiyo inayovishinda vyote vitatu. KOReader inakata pambizo tupu na kupanga upya maandishi, lakini jedwali la ukurasa wa A4 kwenye skrini ya inchi saba bado ni mateso. Mwenye kazi hiyo atafute skrini ya inchi kumi.