Uzoefu wangu: darubini ya milimita 200 na galaksi M51

Boksi la darubini hii lina picha ya galaksi ya spirali M51: mikono miwili iliyojisokota, bluu ya nyota changa, madoa ya waridi ya mawingu ya hidrojeni. Nikuambie mapema, kwa jicho hutaiona hivyo hata ukeshe. Hiyo ni kazi ya kamera iliyokusanya mwanga kwa muda mrefu, na kuibandika pale bila neno la tahadhari ni kumhadaa mnunuzi.

Usiku wa kwanza nilikaribia kuirudisha. Mwezi ulikuwa mpevu (hilo kosa langu). Nilianzia Alkaid, nyota ya mwisho kwenye mkia wa kundinyota la Dubu Mkubwa, nikasogeza bomba kidogo, nikakuta madoa mawili ya kijivu kama alama za vidole. Nikafuta lenzi ya kuchungulia. Yakabaki palepale.

Wiki mbili baadaye, anga bila mwezi, nilikaa gizani nusu saa pasipo kugusa simu. Lenzi ya milimita 25, ambayo hapa inakuza mara 48, ilileta madoa yaleyale, ila sasa kila moja lina kiini. Kubwa ni M51 yenyewe, dogo ni NGC 5195, galaksi jirani inayovutana nayo. Nikajaribu ujanja wa wazoefu: usiikazie macho, tazama pembeni yake kidogo, maana seli za jicho zinazohisi mwanga hafifu zimejaa pembeni. Ukungu ukaachana. Upande mmoja ulijitokeza utepe mweusi, halafu nje yake mwanga mwembamba uliopinda kufuata kiini. Ukapotea. Nikagonga bomba kwa kidole, ukarudi.

Mwanga huo umesafiri takriban miaka milioni 30. Messier, mwanaastronomia Mfaransa aliyeigundua mwaka 1773, aliambulia ukungu tu. Mikono aliiona mwanaastronomia Lord Rosse mwaka 1845 kule Ireland, kwa kioo cha mita 1.8, akaichora. Mimi kwa kioo cha sentimita 20 nimepata kipande cha mkono mmoja, na silalamiki.

Ninacholalamikia ni darubini ndogo ya kulengea, inayolegea kila ukibeba mzigo huu, na lenzi ya milimita 10 ya bure, ambayo nyota za ukingoni huziotesha mikia. Vioo navyo vilihitaji kulinganishwa upya tangu siku ya kwanza.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na boksi.