Njiti: maziwa ya kukamua au ya kopo?

Huu ubishi hauishi foleni ya kliniki hapa Dar. Tuanze na tumbo maana ndo penyewe. Mtoto aliyetimiza miezi yake akinyonya tu, bifidobakteria, wale bakteria wazuri wa tumboni, wanajaa mapema, ila njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, mara nyingi anaanzia kwenye inkyubeta na antibayotiki juu, kwahiyo wazuri wanachelewa na wale wa hospitali wanawahi siti. Maziwa ya mama yana sukari ambazo mtoto mwenyewe hameng'enyi, ni msosi wa hao bakteria wazuri, na yanapunguza hatari ya utumbo kuvimba na kuoza, hapo kopo halifui dafu.

Gharama? Kopo linakausha mfuko. Ya mama bure, ila kukamua kila masaa mawili matatu usiku na mchana jamani sio mchezo, umeme ukikatika na joto hili ndo balaa. Unga wa kopo nao unaweza kuwa na vijidudu vyake, WHO wanataka maji ya kuchanganyia yasipungue nyuzi 70, ukishakoroga ndo uyapooze maziwa, sio yale ya uvuguvugu yaliyolala kwenye chupa ya chai.

Maziwa yakigoma au mama akiwa hoi, kopo maalum la njiti linaokoa, daktari akupangie. Wa miezi kamili ukimchanganyia ya mama na ya kopo, wasiwasi unakuwa mdogo kidogo.